Gari Lisilokwenda Tupu

Sharti lilitolewa jikoni nikiwa nimesimama mlangoni, kwa hiyo naweza kulieleza kama lilivyotoka. Mke wa rafiki yangu alikuwa akipepeta mchele. Hakuacha kupepeta wala hakupaza sauti.

"Nendeni huko Kibondo mkazunguke hicho kiwanja chenu. Gari likirudi hapa kwa magurudumu yake, litabaki, na mimi sitalisema tena. Likirudi juu ya lori, au likivutwa kwa kamba, linauzwa, tunanunua pikapu ya duka. Fundi, umesikia?"

"Nimesikia, shemeji."

"Wewe ndiye shahidi. Huyu mwenzako husahau anachotaka kusahau."

Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha uani akifuta taa ya gari kwa pindo la kanzu yake. "Nimekubali," alisema bila kuinua kichwa. "Wallahi nimekubali."

"Na hiyo kanzu utaifua mwenyewe."

Ilikuwa mwaka 2013, mjini Kasulu, kiangazi kikielekea mwisho. Nilikuwa na karakana kando ya barabara ya kwenda Kibondo, na pembeni ya ufundi nilikuwa nikituma habari fupi kwenye kituo kimoja cha redio: bei za mazao, ajali, daraja lililosombwa na maji. Kazi zote mbili zilinizoeza kutazama kwanza na kusema baadaye. Rafiki yangu aliuza bidhaa kwa jumla: sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kula. Mjini walimwita Tajiri, nami nitamwita hivyo hivyo.

Tajiri alizaliwa Tanga. Utotoni alikuwa akisimama kando ya mashamba ya mkonge kusubiri magari ya mashindano yapite, na alipenda kusimulia jinsi sauti ilivyotangulia, kisha vumbi, kisha kimya kilichowafanya watoto wote waangaliane. Baba yake alimleta Kasulu kufungua duka, na huku Uha hakuna aliyepita na gari la namna hiyo. Akangoja. Alipofika umri wa kuota mvi za ndevu, akaenda Mwanza kununua mzigo wa duka, akarudi na gari la michezo la Kijapani, la bluu, lenye milango miwili.

Lilikuwa gari la kweli. Injini yake ilikuwa na tabo, kile kifaa kinachotumia nguvu ya moshi kuisukumia injini hewa, na ukikanyaga mafuta ulikuwa unasikia mluzi kwanza, halafu mgongo wako ukabandikwa kwenye kiti. Lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Na lilikuwa chini mno. Vijana wa stendi walilitazama siku ya kwanza wakaliita Sahani, na jina likabaki.

Shemeji alikuwa na sababu za kutolipenda. Alipanda mara moja tu, akiwa amevaa nguo za harusi, wakielekea Makere. Sahani ilikaa juu ya tuta la udongo katikati ya barabara, magurudumu yakining'inia, na yeye akamaliza safari kwa miguu, viatu mkononi, akipitwa na baiskeli zilizobeba ndizi. Tangu siku hiyo alisema gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya watu wasio na ndugu.

Kisha zikaja habari za Kibondo. Kikundi cha wapenda magari kutoka Mwanza, Kahama na Bukoba kilipewa ruhusa ya kutumia uwanja mpana wa changarawe uliobaki nje ya mji, pale zilipokuwa bohari za kambi moja ya wakimbizi iliyokwisha kufungwa. Wangechora njia kwa chokaa na matairi ya zamani, na kila mwenye gari angepata zamu ya kuzunguka peke yake kwa kasi anayoiweza. Si mashindano ya kupitana. Ni siku ya uwanja, mtu na gari lake na saa. Tajiri alinipigia simu akiwa dukani na wateja, nikamsikia akimwambia mmoja wao, "Subiri, mama, hii ni simu ya hospitali."

Nililitengeneza gari lile kwa utaratibu, na hadi leo nasema nililitengeneza vizuri.

Nilianza na breki, kwa sababu gari lisilosimama halina haja ya kukimbia. Nilibadilisha pedi zote, nikamwaga mafuta ya breki ya zamani, ambayo yalikuwa meusi kama chai ya jana. Mafuta ya breki yakichakaa huchemka ukikanyaga mara kwa mara, na yakichemka mguu unazama hadi sakafuni bila kitu kutokea. Kisha rejeta: niliiosha, nikaifungia wavu mbele ili mawe yasiitoboe. Nikabadilisha plagi, mikanda, mipira ya maji.

Tatizo kubwa lilikuwa barabara yenyewe. Gari la uwanjani linatakiwa liwe chini, na hilo letu lilitakiwa kwanza lipite barabara ya vumbi kutoka Kasulu hadi Kibondo, yenye mashimo na rasta, ile mikunjo midogo inayotetemesha meno. Na lilitakiwa lirudi. Kwa hiyo tulilipeleka kwenye soko la kambi ya Nyarugusu, kwa fundi mmoja Mkongo aliyekuwa akitengeneza majiko na masanduku ya bati. Alilala chini, akachungulia, akatoka anacheka.

"Patro, hii gari iko na tumbo ya chini sana. Majiwe itaikula yote."

"Ndiyo maana tumekuja," Tajiri alisema. "Livalishe."

"Nitaivalisha suruali ya chuma. Lakini ataweza kuzaa tena?"

Alikata bamba kutoka kwenye chuma cha tingatinga, akalikunja, akalifunga chini ya injini. Bamba lile nimelisifu tangu siku hiyo.

Halafu uzito. Kiwanjani, kila kilo inayotoka ni kasi inayoingia. Tukang'oa kiti cha nyuma, zulia, redio na spika zake kubwa. Hapo ndipo nilipokutana na desturi ya Kasulu ana kwa ana. Kila aliyepita karakanani na kuona kiti cha nyuma kimetoka alifurahi kwa sababu moja.

"Sasa mmefanya la maana," alisema jirani yangu muuza mbao. "Limekuwa na nafasi."

Kwetu gari haliendi tupu. Ukisema kesho unakwenda Makere, jioni hiyo utakuwa umeshakabidhiwa dumu la mawese, dawa ya mgonjwa, shuka la mwanafunzi wa bweni na kuku aliyefungwa miguu. Kukataa ni kujitangaza kuwa una roho mbaya. Na Tajiri mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Hakuwahi kwenda Makere bila kuwapelekea wenye maduka madogo sukari na chumvi, wala kurudi bila maharage.

Tulifanya mazoezi asubuhi, baada ya yeye kuswali, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe ulioko upande wa Makere. Siku zisizo za mnada ulikuwa mtupu na mpana, na kinyesi kikavu hakimdhuru mtu. Mwanzoni gari lilikaa kitako, ekzosi ikikwaruza chini. Nikatafuta springi ngumu zaidi za nyuma, nikazipata kwenye gari dogo la mizigo lililokuwa limepinduka, nikazikata na kuzipindisha hadi zikaingia. Asubuhi iliyofuata Sahani iliingia kona kama imeshikwa na mkono. Tajiri alizunguka, akazunguka tena, akasimama mbele yangu na vumbi usoni.

"Fundi, linatii!"

"Kwa springi zile lazima litii."

Nilikuwa na uhakika, na nilikuwa na haki ya kuwa nao. Asubuhi zote zilizofuata lilikwenda hivyo hivyo.

Siku ya kuondoka, matairi ya uwanjani tuliyatanguliza kwa basi, juu ya keria. Nilimaliza kukaza nati ya mwisho, nikanyoosha mgongo, nikaona magunia mawili ya maharage yamesimama nyuma ya gari, na shemeji kati yao.

Tajiri aliyatazama kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama. "Mke wangu, hili ni gari la mashindano. Halibebi maharage."

"Kwani hadi leo limebeba nini?"

"Ile ilikuwa mazoezi."

"Shangazi yangu wa Kibondo anaozesha. Mnakwenda Kibondo. Gari halina hata kiti cha nyuma. Nimwambie nini, kwamba mume wangu alipita mlangoni pake akiwa amebeba upepo?"

Tukapakia. Na magunia, akasema, yarudi, kwa sababu ni mazuri.

Safari ya kwenda haikuwa na habari. Tulikwenda polepole, bamba la Mkongo likipiga mawe kwa sauti ya kengele, tukafika Kibondo mchana. Shangazi wa shemeji alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu walio bondeni. Ua wake ulikuwa umejaa wanawake wa shughuli. Alipokea maharage, akatia mkono ndani ya gunia, akatafuna moja kulipima.

"Ego," alisema, yaani ndiyo kwa Kiha, akaendelea kwa Kiswahili. "Mwanangu hajanisahau. Magunia mtayapitia kesho, mkwe. Kwangu hayatoki matupu."

Tajiri alishukuru kwa maneno mengi ya pwani. Tulipotoka nje ya ua akanishika mkono. "Atayajaza, Fundi. Namjua. Kesho tukimaliza tunazungukia barabara ya juu, tunaondoka. Magunia nitanunua mapya, nimwambie mke wangu ni yale yale."

"Mke wako atayajua kwa harufu."

"Afadhali harufu kuliko kukwama njiani na mzigo. Unajua ninachokipoteza nikikwama."

Nilijua. Nilikuwa shahidi.

Asubuhi uwanjani kulikuwa na magari machache mazuri na watu wengi sana. Mkaguzi alikuwa dereva mstaafu kutoka Bukoba, mwenye kofia nyeupe na macho ya kutoamini. Alilala chini ya Sahani, akagonga bamba kwa kidole, akatingisha kichwa kuonyesha ameridhika. Kisha akafungua buti.

"Kila kisichofungwa kinatoka. Ukipinduka, hata bisibisi inakuwa risasi."

Tulitoa kila kitu: jeki, dumu la maji, tairi la akiba, sanduku la vifaa. Tukafunga matairi ya uwanjani. Nilizunguka gari nikaliona jepesi, safi, limesimama juu kidogo kwa nyuma kama mkimbiaji anayesubiri filimbi. Nikampigia Tajiri kofi begani.

Kona ya kwanza aliipita. Ya pili ilikuwa na rasta, na hapo niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona Makere. Sehemu ya nyuma ya gari ilianza kuruka, ikidunda kama mpira, na kila ilipodunda ilitoka pembeni. Gari likajigeuza, likarudi nyumanyuma kwenye matairi ya mpakani, likasimama ndani ya wingu la chokaa.

Watu wa Kibondo si wachoyo wa maneno.

"Tajiri, mbele ni huku!"

"Mwacheni, anatafuta maegesho!"

Zamu ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Lilijigeuza mapema, likagonga tuta, na rimu moja ya nyuma ikapinda ukingo. Mtu mmoja kutoka Kahama, aliyeleta gari lake juu ya lori, alikuja akiwa na sigara na huruma.

"Bwana, mimi lori langu nimelipaki pale. Kamba ipo, nafasi ipo. Kesho dereva wangu anapitia Kasulu kuchukua mzigo. Nikusaidie?"

Tajiri aliruka kama aliyeona nyoka. "Kamba? Hapana. Asante. Usiilete hata karibu." Alinigeukia, macho mekundu kwa vumbi. "Nakwenda tena. Safari hii naingia kwa kasi zaidi, nipite zile rasta kabla halijaanza kudunda."

"Ukiingia kwa kasi zaidi utavunja mguu wa gari, na utarudi kwa huyu bwana kuomba kamba."

"Basi niambie kuna nini!"

Nilikuwa na njia moja ya kutafuta jibu. Redioni, habari ikiwa haieleweki, nilikuwa najiuliza kitu kimoja: nini kimebadilika? Nikakaa juu ya tairi la akiba nikaanza. Dereva ni yule yule. Matairi ni yale yale tuliyofanyia mazoezi. Upepo wa matairi niliupima mwenyewe. Udongo wa Kibondo na wa Makere ni ndugu, na uwanja wa mnada una mikunjo mibaya kuliko hii. Springi hazijaguswa. Nikainuka, nikafungua buti, nikatazama ndani. Kwenye bati tupu kulikuwa na punje moja ya haragwe. Nilipoegemea gari ili kuitazama vizuri, nikasikia jinsi springi zilivyokataa kubonyea.

"Tajiri," nilimwita. "Tangu nifunge springi hizi, gari hili limewahi kukimbia tupu?"

Alifikiri. "Siku ile ya mvua ndogo."

"Siku ile kulikuwa na chumvi."

"Siku ya mazishi ya yule mwalimu."

"Siku ile tulibeba sufuria za msiba."

Akafikiri tena, kisha mdomo ukabaki wazi. "Halijawahi."

Halikuwahi. Kila asubuhi tuliyozunguka kwenye uwanja wa mnada, nyuma kulikuwa na sukari au maharage, maana hakuna mtu mwenye akili anayeshusha mifuko ya sukari kwenye kinyesi cha ng'ombe ili aipakie tena baada ya mazoezi. Nilizichagua springi zile gari likiwa na mzigo, nikazijaribu likiwa na mzigo, nikaridhika likiwa na mzigo. Zilikuwa springi nzuri kabisa kwa gari la michezo lenye magunia mawili. Mtu wa Ulaya anayetengeneza magari hawezi kukosea hivyo hata akijitahidi.

Tulimwendea mkaguzi na ombi la kujaza mchanga kwenye mifuko. Alikataa kabla sijamaliza.

"Mchanga unavujia kwenye pedali. Halafu mifuko yenyewe iko wapi? Hiyo laini ya dukani? Nileteeni kitu kilichoshonwa, kizito, kinachofungika. Na mharakishe. Alasiri nafunga."

Tulitazamana. Tajiri ndiye aliyetangulia kusema, kwa sauti ya mtu anayejisalimisha.

"Shangazi."

Tuliingia uani kwa shangazi kwa lile lile gari, kokoto zikiruka. Alikuwa amesimama kati ya masufuria, mikono kiunoni.

"Mmekuja! Wengine huwa wanakimbilia barabara ya juu."

Tajiri alikohoa. Magunia yalikuwa pale, yameegemezwa ukutani, yamejazwa udaga hadi shingoni, yale mapande meupe ya muhogo mkavu, na midomo imeshonwa kwa kamba ya katani, mshono wa karibu karibu, mgumu kama wa viatu. Sijawahi kuona mzigo uliofungwa vizuri kuliko ule. Niliinama nilibebe moja.

"Fundi, weka chini," shangazi alisema. "Hakuna anayetoka na mzigo kwangu akiwa hajakaa."

"Shangazi, uwanja unafungwa," Tajiri alisihi.

"Uwanja una miguu? Kaeni."

Tulikaa. Ukaletwa ugali wa muhogo, mwekundu kidogo kwa moshi, na dagaa wa mawese. Tajiri alikula kama abiria aliyesikia basi linapiga honi.

"Mkwe, unatafuna kama unafukuzwa."

"Ninafukuzwa, shangazi."

"Na nani?"

"Na mwanao."

Wanawake wote wa uani walicheka, na shangazi akacheka kuliko wote, akatupa ruhusa ya kusimama. Alibeba gunia moja mwenyewe hadi kwenye gari.

Nilifunga magunia kwa mikanda ya lori, nikiipitisha kwenye bolti za kiti tulichong'oa. Mkaguzi alikuja, akayasukuma kwa mkono, akayasukuma kwa mguu, akainama akanusa.

"Hii ni nini?"

"Udaga," nilimjibu.

"Wa nani?"

"Wa shangazi."

Alirudisha kofia yake nyuma. "Kanuni inasema kifungwe. Haikusema kisiwe chakula. Pita."

Nitaieleza zamu ile kama nilivyoiona, bila kuongeza. Sahani iliondoka, mluzi wa tabo ukapanda, nyuma ikazama kidogo na kukaa. Kona ya kwanza ikapita. Kwenye rasta niliona magurudumu yakitetemeka na bodi ikiwa imetulia juu yake, kama maji kwenye ndoo ya mtu aliyezoea kubeba kichwani. Kwenye kona ya mwisho Tajiri alikanyaga mafuta mapema, gari likatoka na mkia mdogo wa kuringa, likanyooka, likapita mbele yetu, sauti kwanza, kisha vumbi, kisha watu wote wakaangaliana. Gari moja la Mwanza, linalosukumwa na magurudumu yote manne, lilikuwa na kasi kuliko sisi, na lingine pia. Haikunisumbua. Gari langu lilifanya kila nililoliagiza.

Tajiri alipofungua mlango alikuwa mweupe. Nilidhani ni hofu. Ulikuwa unga. Kila kona ilikuwa imesaga udaga kidogo, na unga ulichuja katikati ya nyuzi za gunia ukamjaa ndevu, kope na masikio.

"Limenishika, Fundi," alisema. "Limenishika kama mama."

Usiku ule mvua ya kwanza ilinyesha. Asubuhi barabara ilikuwa nyekundu na laini. Tajiri alipendekeza magunia yaende kwa basi, tupunguze uzito. Nikamwambia uzito ndio dereva wa pili. Kwenye utelezi, na springi zile, likienda tupu litatutupa mtaroni kabla ya adhuhuri. Udaga ulirudi ndani.

Tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Mbele ya Makere kuna mlima mfupi wenye udongo wa kufinyangia, na pale tulikuta foleni. Lori la yule bwana wa Kahama lilikuwa kileleni tayari, na dereva wake akatutambua.

"Tajiri! Niteremshe kamba?"

"Usiniguse!"

"Basi nikupandishe juu, pembeni ya gari la bosi?"

"Usiniguse kabisa!"

Sahani ilipanda nusu. Hapo magurudumu yalianza kuzunguka mahali pamoja, yakirusha matope nyuma. Tajiri aliacha mafuta, gari likashuka hatua moja. Wakulima waliokuwa wakitoka shamba na majembe walisimama wakitutazama, wengine wakishauriana kwa Kiha. Mmoja wao, mtu wa makamo mwenye koti la mvua, aliuliza kwa adabu, "Tusukume?"

Tajiri alitoa kichwa dirishani akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama kwenye matope hadi kifundoni. "Shahidi. Alisema nini juu ya kusukumwa?"

Niliyarudia maneno yote kichwani kama yalivyotoka jikoni. "Lori. Kamba. Kusukumwa hakukutaja."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Sukumeni, baba zangu!"

Tuliweka mabega. Nilihisi springi zikibonyea, magurudumu yakiuma chini ya uzito wa udaga, na gari likapanda, kwanza kwa mabega yetu na mwishoni kwa nguvu yake lenyewe, likituacha tumeinama hewani. Lilipita ubavuni mwa lori kileleni, Tajiri akipiga honi ndefu isiyo na heshima.

Kasulu tuliingia jua likiwa bado juu. Shemeji alikuwa uani. Hakusema karibu. Alizunguka gari, akatazama mbele kama kuna alama ya kamba, akainama akatazama rimu iliyopinda, akasimama mbele yangu.

"Fundi?"

"Kwa magurudumu yake, shemeji."

"Halikuvutwa?"

"Halikuvutwa."

"Halikupakiwa?"

"Halikupakiwa."

Alitazama matope kwenye mabega yangu, moja baada ya jingine, akatazama na mikono yangu. "Na kusukumwa?"

Tajiri alianza ghafla kukagua taa.

"Kusukumwa hukukutaja," nilisema.

Niliona pikapu ya duka ikija na kuondoka machoni pake. Kisha akaenda nyuma ya gari, akakata mshono wa katani kwa kisu cha jikoni, akatia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko. Mkono ulitoka mweupe. Kwa juu kulikuwa na mapande machache; chini yake, rasta za kwenda uwanjani na za kurudi Kasulu zilikuwa zimefanya kazi ya mashine.

"Huu mmeusaga wapi?"

"Kona ya pili," Tajiri alijibu.

Alitaka kukaza uso ukakataa. Akaingia ndani, akatoka na ungo, akachota, akaanza kuchekecha pale pale nyuma ya buti, unga ukianguka mwembamba na mapande yakibaki juu.

"Libaki," alisema. "Lakini kiti cha nyuma msikirudishe. Jumamosi nina muhogo Makere."

Tajiri alikwenda kuloweka kanzu yake. Nami nikaenda kutafuta nyundo ya kunyooshea rimu.